Jumapili za Opereta

Kaka yangu alipokuja kutuambia amepata mchumba, hakusema ni mzuri wala hakusema anatoka kwa watu wema. Alisema, "Huyu hajawahi kumkatia mtu simu." Tukacheka mpaka mama yetu akatufukuza sebuleni. Lakini kaka yangu, sasa marehemu, alikuwa na sababu zake. Alikuwa karani wa bohari, kila siku anapiga simu makao makuu, na kila siku sauti ile ile inampokea, inamuunganisha, na akimaliza inangoja mpaka yeye mwenyewe aweke simu chini. Ikafika mahali akawa anaulizia mizigo ambayo haipo, ili tu asikie sauti ile ikimwambia, "Subiri tafadhali." Akasubiri, wakaoana.

Huyo ndiye wifi yangu. Mtaani kwetu hakuna anayemwita kwa jina. Wakubwa kwa wadogo wanamwita Opereta, ingawa swichibodi yenyewe ya kuunganishia simu iling'olewa zamani na yeye akastaafishwa siku hiyo hiyo. Alikaa pale tangu usichana mpaka mvi, visikilizio masikioni, akiunganisha watu ambao hakuwaona hata mara moja. Alijua nani ana mafua, nani amegombana na mkewe asubuhi, nani anadanganya kwamba mkuu wake hayupo. Niliwahi kumuuliza, laini ikiwa kimya, anajuaje kama imekatika au kama mtu yupo amenyamaza tu. Alinishangaa, utadhani nimemuuliza anatofautishaje chumvi na sukari.

"Laini iliyokufa haina kitu ndani, wifi," aliniambia. "Yenye mtu ina uzito."

Mimi kazi yangu ni upishi wa shule. Nimezoea kusema kwa sauti ya kuvuka masufuria, na mdomo wangu hauna mlango. Nalisema mwenyewe kabla hamjanisema. Yeye husema polepole, anachagua neno kama mtu anayechambua mchele. Kwa hiyo tumetaniana maisha yetu yote. Nilimwambia kaka yangu ameoa redio yenye sauti ndogo, na bibi huyu mpole akanijibu kwamba afadhali redio kuliko king'ora.

Halafu kuna habari ya vitambaa. Kazini, kati ya simu na simu, alikuwa akifuma. Akafuma vitambaa vya makochi, vya meza, cha redio, cha televisheni, cha friji, cha mtungi wa maji, cha chupa ya chai, mpaka kitambaa cha kufunika vitambaa visivyotumika. Hakuna kitu kilichokaa uchi katika nyumba ile. Nikikaa kwake muda mrefu nilikuwa nikinyanyuka na kumwambia, "Wifi, naondoka kabla hujanivika."

Mungu aliwajalia mtoto mmoja tu. Tangu anajifunza kutembea alitembea mikono nyuma kama mkaguzi wa shule, tukamwita Bwana Mkubwa, na jina likamkaa. Alikwenda nchi za mbali kusoma. Masomo yakaisha, akapata kazi, na safari ya kurudi ikawa mwakani, kila mwaka mwakani. Kaka yangu alipofariki tulichelewesha mazishi tukimngoja. Akasema kazini wamemnyima ruhusa. Tukazika. Kwa nini haji, sijui mpaka leo. Wapo wanaosema karatasi zake za kukaa huko zina kasoro, kwamba akitoka harudi. Wapo wanaosema ana mke na watoto anaowaficha. Mimi ninachojua ni kwamba ndugu yangu alifukiwa na mikono ya majirani.

Msiba ulipokwisha, ikaja kompyuta. Bwana Mkubwa alimwagiza rafiki yake wa hapa mjini ainunue na kuifunga sebuleni kwa mama yake: kioo kipana, spika mbili, kamera ndogo juu kama kunguni, na lile boksi lake kubwa chini ya meza. "Ili Mama awe ananiona," alisema. Watu wengine wakifiwa hupewa mkono wa pole. Sisi tulipewa kompyuta. Niliyasema hayo kwa sauti, mbele za watu, na wifi yangu akaninyamazisha kwa jicho.

Na habari yenyewe sasa ni ya macho. Ilianza kwa kugonga vikombe na kukosea ngazi ya mlangoni. Tukasema uzee. Daktari wa macho akasema ni presha ya macho, imeshalimaliza jicho la kushoto, na la kulia inalila kutoka pembeni kuja katikati. Kilichokwenda hakirudi, akamwambia, na kilichobaki dawa za matone zitakichelewesha tu. Wifi yangu alinieleza haya jikoni kwangu, ameshika kikombe kwa mikono miwili, na mimi nikamwongezea chai.

Kisha nilisema, "Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mpigie simu mwanao leo hii umwambie."

"Kwa simu sitaki."

"Kwa nini?"

"Maisha yangu yote nimesikia watu bila kuwaona, wifi. Nimewaunganisha na habari za misiba, nimewaunganisha na habari za harusi, sikuona uso hata mmoja. Hili nataka nimwone mwanangu akilisikia. Halafu nimwambie aje. Aje akae hapa, nimwangalie vizuri, mtu mzima alivyokuwa. Hata wiki moja. Baada ya hapo giza likitaka kuja, lije."

Hilo tu ndilo alilotaka. Hakutaka hospitali ya ng'ambo, hakutaka msaada. Akaniapisha nisimtangulie kumwambia kijana, nikaapa, huku nauma ulimi.

Siku yao ilikuwa Jumapili mchana. Akishakula, alioga, akavaa gauni lake la buluu na hereni, akakaa mbele ya kioo karibu kiasi cha kukibusu, kwa sababu ndipo alipoweza kuona. Bwana Mkubwa akatokea, na ndevu zake za siku hizi, nyuma yake pazia la kijani na feni ndogo juu ya kabati. Mimi nilikaa pembeni, maana salamu zangu nazo huulizwa.

"Shangazi yupo?"

"Nipo, unanidai?"

Akacheka. Ana kicheko cha baba yake, na hilo linaniudhi kupita kiasi.

Wifi yangu hana haraka. Alianza na kazi, akaja kwenye baridi ya huko, akaja kwenye umekula nini, kama mtu anayeingia kwenye maji ya baridi, mguu kwanza, halafu goti. Alipofika kiunoni akasema, "Baba, kuna jambo nataka nikwambie," na papo hapo, puu! Kioo kikawa cheusi. Kompyuta imejizima yenyewe. Taa ya dari inawaka, friji inanguruma, umeme upo. Ndani ya weusi ule kulikuwa na mama mmoja mwenye hereni anajitazama.

Tulipoiwasha ikazima tena. Tukaiacha ipumzike, na ilipowaka kijana alikuwa ameshaniandikia kwenye simu yangu, maana mama yake maandishi madogo hayaoni: "Shangazi, naona imekata. Mwambie Mama tutaongea Jumapili."

Jumapili iliyofuata, vivyo hivyo. Goti, kiuno, puu. Na iliyofuata. Nikamwambia, "Wifi, acha kuzunguka, anza na lenyewe!" Akajaribu. Lakini jambo kama lile halitamkwi kabla ya salamu, si kwa mtu aliyefundishwa kazi ya simu. Akiwa bado anajikaza, mashine inamtangulia.

Basi tukamwita fundi. Ana kibanda chake karibu na kituo cha mafuta, mtu mzima mwenye kitambi na miwani miwili, mmoja machoni na mwingine kichwani. Aliingia, akaiangalia kompyuta kwa mbali, akasema kabla hajaigusa, "Hii ni virusi."

Akaibeba. Kule kibandani ikamwimbia muziki kutwa nzima bila kuzima. Akairudisha, amefuta virusi vyote. Jumapili, puu.

"Umeme wa nyumba hii si mzuri," akasema safari ya pili, akafunga kisanduku cha kutuliza umeme. Jumapili, puu. Safari ya tatu akasema kumbukumbu haitoshi, akaiongezea nyingine. Nikamwambia angeipunguza badala ya kuiongeza, labda ingesahau kuzima. Hakucheka. Jumapili, puu, tena safari hiyo wifi yangu alikuwa ameshatamka, "Ni kuhusu macho..."

Kijana akaandika, "Shangazi, Mama alikuwa anasema kuhusu nini? Nimesikia macho."

Nilikaa na ile simu kama nimeshika kaa la moto. Lakini nilikuwa nimeapa. Nikamjibu, "Atakwambia mwenyewe." Hakuuliza tena.

Fundi naye aliaibika. Alisimama mlangoni, miwani yote kichwani, akasema, "Mama, mimi sielewi. Kwangu haizimi. Naiwasha asubuhi mpaka nafunga kazi, inadunda tu. Nakuletea wewe, inazima. Hii mashine inaogopa nyumba yako."

Jirani mmoja aliposikia hivyo akaanza kunong'ona kwamba kuna mkono wa mtu. Nikamwambia mchawi mwenye ujuzi wa kuzima kompyuta asingekaa mtaa huu wa mashimo. Akanuna. Kwangu mimi mambo yalikuwa yamenifika hapa, shingoni. Nilikuwa naona macho ya wifi yangu yanavyopungua wiki baada ya wiki. Alishaanza kunitazama kwa kugeuza kichwa kama kuku. Na kile kitu kimekaa pale chini ya meza kinatuchezea.

Kilichotusaidia ni mvua. Jumapili moja, kompyuta imeshajizima kama kawaida yake na sisi tumekaa tunaitazama, fundi alikuwa anapita barabarani na familia yake, mvua ikawafumania, wakakimbilia kwetu barazani. Yeye akaingia ndani kusalimu. Akainama kuuliza inaendeleaje mgonjwa wetu, na akabaki ameinama hivyo hivyo.

"Mama," alisema, "hiki ni kitu gani?"

Lile boksi lilikuwa limevaa. Kwetu sisi halikuwa jambo la kuuliza. Kila kitu mle ndani kimevaa. Wifi yangu alilifumia sweta lake la sufi nzito, kunjo mbili, limekaza kila upande, na tundu moja tu la kupitishia waya. Ndicho kitu cha mwisho alichofuma. Alikimaliza kwa kupapasa, macho yakiwa yameshaanza kuondoka, ndiyo maana nyuzi zilikuwa zimeruka hapa na pale. Na kila fundi alipokuja, au boksi lilipopelekwa kibandani, alilivua sweta kwanza, akalifua, akalifuta boksi vumbi, kama unavyomwogesha mtoto kabla ya kumpeleka kliniki. Haifai mgeni akute kitambaa kichafu. Fundi alikuwa hajaliona hata siku moja.

Akaingiza mkono ndani ya sufi, akautoa mbio. "Lo! Hii ina homa, mama! Ina homa kali!"

Alipolivua, nyuma ya boksi, pale panapotokea hewa, palikuwa pamejaa manyoya ya sufi kama kiota. Fundi akacheka mpaka akakaa chini kwenye sakafu. Halafu akauona uso wa wifi yangu, akaacha.

"Nilikuwa naikinga vumbi," wifi yangu alisema taratibu. "Barabara yetu ina vumbi."

"Umeikinga na hewa pia, mama," fundi alisema, na sasa alisema kwa upole. "Ikikaa tu bila kazi inavumilia. Hii ya kuonana kwa picha ndiyo kazi nzito, inakuwa kama mtu anapandishwa ngazi amevaa koti la baridi. Ikizidiwa inajizima isiungue. Haikuwa mbovu. Ilikuwa inajiokoa."

Siku ya pili yake akaja na brashi ya rangi, akaisafisha yote, akaitia feni mpya ndani, akaliweka boksi juu ya meza, uchi wa mnyama. Aliiwasha, akapiga simu ya picha kibandani kwake, mtoto wake mkubwa akatokea kwenye kioo mpaka tukachoka kumwangalia. Haikuzima. Wifi yangu akalikunja sweta akalitia kabatini, na mimi nikamwambia, "Sasa umebaki kunivika mimi." Akacheka vizuri. Alikuwa na furaha wiki ile. Alinituma sokoni kununua shuka mpya za kitanda cha chumba cha nyuma, kwa sababu Bwana Mkubwa hapendi shuka zenye maua.

Jumapili ilipofika nilikwenda mapema. Nilimsaidia kuvaa hereni, maana tundu la sikio lilikuwa linamkimbia. Kijana akatokea, pazia lake la kijani, feni yake juu ya kabati. Huko kwao kulikuwa na joto siku hiyo. Wakasalimiana. Kazi, chakula, majirani. Mimi niliweka kiganja juu ya boksi kama mama anayempima mtoto paji la uso, na lilikuwa la baridi, linavuma polepole.

Mguu, goti, kiuno. "Baba, kuna jambo nataka nikwambie." Halafu akanyamaza, na najua alikuwa anaingoja ile puu. Haikuja.

"Sema, Mama," kijana akasema.

"Macho yangu yanakwisha."

Akamweleza yote. Hakulia, hakutia chumvi. Alisema jicho la kushoto limeshakwenda na la kulia limebaki kama kutazama kwenye tundu la ufunguo, na kwamba daktari hajampa matumaini ya bure. Alisema anamshukuru Mungu kwa aliyoyaona. Kisha akakisogelea kioo zaidi, pua inakaribia kugusa, akasema, "Nakuomba uje, mwanangu. Sikuombi kitu kingine. Njoo nikuone ningali naweza. Wiki moja tu, halafu urudi kwenye kazi zako."

Niliuona uso wa kijana, mimi mwenye macho mazima. Mdomo ulifunguka, ukafunga, ukafunguka tena. Macho yakaenda pembeni kama anatafuta mtu mle chumbani wa kumsaidia. Halafu akatulia. Akatulia kabisa, kichwa kimeinama kidogo upande, mdomo wazi kidogo, vile picha inavyofanya mtandao ukisumbua.

Wifi yangu akangoja. Akangoja tena.

"Wifi, imeganda?" akaniuliza. "Simwoni akitikisika. Imeganda?"

Nikaangalia. Nyuma yake, juu ya kabati, feni ilikuwa inazunguka. Pazia la kijani lilikuwa linapepea, linakwenda na kurudi. Picha ikiganda huganda yote; feni haibaki ikizunguka peke yake. Kisha Bwana Mkubwa, mtoto niliyembeba mgongoni huku nakoroga uji wa shule, akapepesa macho, akayakaza tena.

Sijawahi kuumia hivyo, hata siku ya kumzika kaka yangu. Nilitaka kumwita kwa sauti ya jikoni, nimtikise kutoka huku niliko. Lakini wifi yangu alikuwa amenigeuzia uso, ananisubiri, na uso ule ulikuwa unaniomba.

"Ndiyo, wifi," nilisema. "Imeganda."

Alikiacha kioo, akainamisha kichwa, akalisogeza sikio lake kwenye spika, kichwa kimelala upande kama nilivyomwona mara nyingi kazini, nilipokuwa nikimpelekea chakula cha mchana. Akafumba macho. Sebule ikawa kimya. Nami nikasikia, mbali, feni ya huko ikivuma. Yeye sijui alisikia nini zaidi. Alikaa hivyo muda wa mtu kuvuta pumzi na kuitoa, na nikaona uso wake ukibadilika taratibu, ukijua.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mimi ningemwambia kijana yule maneno ambayo yangebandua rangi ukutani. Yeye aliketi vizuri, akarekebisha gauni lake, akasema kwa sauti yake ya kazini, ile nzuri, "Basi, baba. Kama imeganda si neno, ni mtandao tu. Kula vizuri. Usifanye kazi mpaka ukajichosha. Mama hana tatizo."

Akangoja. Kidevu cha Bwana Mkubwa kilikuwa kinatetemeka. Halafu mkono wake ukatambaa pembeni ya meza kama mkono wa mwizi, na picha ikaondoka.

Kompyuta ilibaki inawaka. Feni yake mpya ilivuma vizuri, kioo kinang'aa, kazi ya fundi haikuwa na dosari yoyote.

"Wifi," nilianza.

"Ni mtandao," alisema.

"Wifi, mimi nimeona kwa macho yangu..."

"Nimesema ni mtandao."

Simu yangu ikalia mlio wa ujumbe. Nilijua ni wake kabla sijaifungua. Akaniambia nimsomee, nikamsomea: "Shangazi, mtandao umekata ghafla. Sikusikia Mama alichokuwa anasema mwishoni. Alikuwa anasema nini?"

Alikaa mikono mapajani. Nje watoto walikuwa wanacheza mpira, wanabishana kama umeingia golini au haukuingia.

"Mwandikie," akasema. "Mama anasema halikuwa jambo la maana."

"Siandiki hivyo."

"Andika, wifi."

Nikashika simu. Yeye haoni maandishi, niliwaza, naweza kuandika lolote na nikamsomea lingine. Nikaandika: mama yako anapofuka na wewe umemkodolea macho kama sanamu, feni yako nimeiona, pazia lako nimeliona, laana ya baba yako... Nilikuwa nimefika hapo, kidole kinakwenda mbio, nikasikia sauti yake ndogo.

"Maneno niliyokupa ni machache kuliko hayo."

Alikuwa anahesabu mguso wa kidole changu kwenye kioo cha simu. Nikamtazama. Machozi yalikuwa yananitoka mimi, si yeye.

"Huyu ni mwanao," nilimwambia. "Akisikia ukweli atakuja."

"Ameusikia," alisema. "Sasa anataka asiwe ameusikia. Mpe."

Nikafuta niliyoandika, neno moja moja. Nikaandika ya kwake. Akaniambia nisome, nikasoma. Akaniambia tuma, nikatuma.

Mtandao ulikuwa mzuri sana siku ile. Jibu lilirudi kabla sijaiweka simu mezani.

"Anasemaje?"

"Anasema, sawa Shangazi."

"Sawa," alirudia wifi yangu, na hapo ndipo alipolia. Nikamshika, nikamkumbatia na gauni lake la buluu, tukalia wote wawili mbele ya ile kompyuta iliyopona.